Nani aliingiza PSP ndani ya simu yako? Hadithi ya PPSSPP

Keti nyuma ya matatu jioni, foleni ikiwa imekaza pale Mombasa Road, uangalie simu za vijana waliokaa mbele yako. Mmoja ako TikTok. Mwingine anabishana kwa WhatsApp. Wa tatu ameshika simu kwa mlalo, vidole gumba vinaruka juu ya skrini, na Kratos anaangusha majitu. Gemu hiyo ni God of War: Chains of Olympus. Ilitoka 2008, na ilitengenezewa mashine ambayo huenda huyo kijana hajawahi kuishika mkononi.

Mashine yenyewe ni PSP, yaani PlayStation Portable ya Sony. Na kinachoiwezesha simu ya Android kujifanya PSP ni apu moja yenye jina la kuvunja ulimi: PPSSPP. Wasee wengi wanaopenda gemu mtaani wamewahi kuiweka kwa simu. "Nirushie ISO ya Tekken" ni sentensi ambayo umeisikia, au umeisema mwenyewe.

Sasa uliza swali dogo: nani aliitengeneza, na kwa nini ni ya bure? Wengi watakujibu haraka kwamba ni Sony. Si Sony. PPSSPP ni kazi ya mtu mmoja wa Uswidi na kundi la watu waliojitolea, na imekuwa ikijengwa tangu 2012. Nyuma yake kuna historia ya kesi kortini na ubishi ambao haujaisha hadi leo kuhusu nani ana haki ya kuweka gemu za zamani hai.

Mashine ndogo, lugha tofauti

PSP ilianza kuuzwa Japan Desemba 2004, ikafika Marekani Machi 2005 na Ulaya Septemba mwaka huo. Kwa wakati wake ilikuwa moto. Chipu yake ilifika kasi ya megahazi 333, RAM ya modeli ya kwanza ilikuwa megabaiti 32, na skrini ilikuwa na pikseli 480 kwa 272. Gemu zilikuja kwa diski ndogo iliyofungwa ndani ya plastiki, iliyoitwa UMD.

Linganisha na simu ya bei ya chini ya leo. Simu ya RAM ya gigabaiti 2 ina mara 64 ya RAM ya PSP ya kwanza. Unaweza kudhani basi kuendesha gemu zake ni kazi rahisi, kama kumwaga kikombe cha chai ndani ya jagi. Sivyo, buda. Tatizo ni lugha.

Chipu ya PSP inaelewa maagizo ya aina inayoitwa MIPS. Chipu ya simu yako inaelewa maagizo ya aina nyingine, ARM. Ukichukua gemu ya PSP na kuiweka kwa simu hivi hivi, ni kama kumpeleka shahidi anayezungumza Kijaluo pekee mbele ya hakimu asiyejua hata neno moja la lugha hiyo. Shahidi atasema ukweli wote, na hakuna atakachopata hakimu.

Hapo ndipo emuleta inaingia. Ni programu inayokaa katikati kama mkalimani wa korti. Mkalimani wa kawaida anasikiliza sentensi moja, anaitafsiri, anangoja nyingine. Inafanya kazi, lakini ni polepole, na gemu inataka picha mpya hadi mara 60 kila sekunde. Mkalimani mjanja hufanya hivi: anachukua aya nzima, anaitafsiri mara moja, anaiandika na kuiweka kando. Shahidi akirudia maneno yale yale, yeye anasoma tu kile alichoandika. Na gemu hurudia maagizo yale yale mara mamilioni. Njia hii ya pili ndiyo inayofanya PPSSPP iende mbio hata kwa simu za kawaida.

Lakini chipu ni sehemu moja tu. PSP ilikuwa pia na chipu ya picha, mfumo wa sauti, na programu endeshi ya Sony iliyofungua faili, kuhifadhi gemu na kusoma vitufe. Vyote hivyo lazima viigizwe. Kwa hilo, tunarudi nyuma hadi 1999.

Mwaka ambao kampuni zilishtuka

Januari 1999, watengenezaji wawili waliojulikana kwa majina ya mtandaoni tu, Epsilon na RealityMan, walitoa emuleta iliyoitwa UltraHLE. Iliendesha gemu za Nintendo 64 kwa kompyuta ya kawaida iliyokuwa na kadi nzuri ya picha. Kilichoshangaza ni kwamba Nintendo 64 ilikuwa bado iko madukani. Gemu ya Zelda: Ocarina of Time ilikuwa haijafikisha hata miezi mitatu tangu itoke, na tayari ilikuwa inachezwa kwa kompyuta.

Siri yao ilikuwa uamuzi mmoja. Badala ya kuigiza kila waya na kila hatua ya mashine, waliangalia kile gemu ilichokuwa inaomba, wakaipa jibu moja kwa moja. Gemu ikisema "nichoree pembetatu hii hapa", UltraHLE haikuhangaika kuigiza jinsi chipu ya Nintendo ingeichora. Iliiagiza kadi ya kompyuta ichore, basi. Nintendo ilitishia kwenda kortini na wawili hao wakaiondoa haraka. Lakini wazo lilikuwa limeshatoka nje, na wazo halirudi kwenye chupa.

Mwaka huo huo, kampuni ya Connectix ilikuwa inauza programu iliyoitwa Virtual Game Station, iliyocheza gemu za PlayStation ya kwanza kwa kompyuta za Mac. Sony iliishtaki. Ubishi ulikuwa huu: ili kuelewa PlayStation inavyofanya kazi, wahandisi wa Connectix walinakili BIOS yake, ile programu inayoamsha mashine, wakaichunguza, halafu wakaandika yao wenyewe. Je, huo ni wizi?

Februari 2000, mahakama ya rufaa nchini Marekani ilisema hapana. Kunakili kwa muda ili ujifunze mashine inavyofanya kazi, halafu utengeneze kitu kipya chako, kuliruhusiwa. Uamuzi huo ndio ambao watu wa emuleta wamekuwa wakiuegemea tangu wakati huo.

Lakini usishangilie mapema. Mwaka uliofuata Sony iliinunua Virtual Game Station na kuizima. Kampuni nyingine iliyoitwa Bleem, iliyofanya kazi kama hiyo, nayo ilipambana na Sony kortini na haikushindwa, ila gharama za mawakili ziliimaliza. Ilifunga 2001. Kuna ushindi wa korti, na kuna ushindi wa mfuko.

Msee wa Uswidi

Henrik Rydgård hakuanza na PSP. Mwaka 2003 yeye na mwenzake walitoa Dolphin, emuleta ya GameCube ya Nintendo. Ilikuwa ya kwanza kuendesha gemu zilizouzwa madukani za konsoli hiyo, lakini kusema ukweli ilikuwa kobe. Mwanzoni haikuwa na sauti, gemu nyingi ziligoma katikati, na zile zilizoenda zilienda kwa kukwama. Mwisho wa 2004 mradi ulisimamishwa, kisha ukafufuliwa 2005.

Mabadiliko makubwa yalikuja Julai 2008. Msimbo wa Dolphin ulifunguliwa. Mtu yeyote duniani angeweza kuusoma, kuurekebisha na kurudisha marekebisho yake. Watu wa kujitolea wakaja kutoka kila kona, na ile kobe ikageuka kuwa mojawapo ya emuleta bora zaidi zilizowahi kuandikwa.

Novemba 2012 Rydgård alitoa PPSSPP, na mara hii hakungoja miaka mitano. Msimbo ulikuwa wazi tangu mwanzo, chini ya leseni ya GPL. Leseni hiyo inasema hivi kwa lugha rahisi: tumia, soma, badilisha, sambaza, lakini ukiisambaza toleo lako, nawe uwafungulie wengine msimbo wako. Hata jina ni utani. Herufi hizo zinasimamia maneno yanayomaanisha kiigizo cha PlayStation Portable kinachofaa kuchezwa popote ulipo. Na kweli kililengwa simu mapema. Android ilikuwamo, na kulikuwa na matoleo hadi ya BlackBerry na zile Nokia za Symbian.

Ni muhimu kusema hakuanza na karatasi nyeupe. Kuanzia 2005, wadukuzi wa PSP walikuwa wameshafungua mashine hiyo, wakaandika programu zao wenyewe na zana za kuzitengeneza, na kueleza kwa maandishi jinsi kila sehemu inavyofanya kazi. Mwaka 2008 mradi mwingine, JPCSP, ulianza kuigiza PSP kwa kompyuta. Watu wa miradi hii walifanya jambo moja la akili sana. Waliandika programu ndogo ndogo za majaribio, wakaziendesha kwa PSP halisi, na kuhifadhi majibu. Halafu emuleta inapewa mtihani ule ule. Jibu likitofautiana na la PSP, emuleta imefeli, rudi ukarekebishe. PSP yenyewe ndiyo mwalimu na ndiyo inayosahihisha.

Kwa nini haikuombi BIOS

Kama umewahi kujaribu kucheza PlayStation ya kwanza au PS2 kwa emuleta, unajua ile kero. Unaweka apu, unaweka gemu, halafu unaambiwa utafute faili la BIOS. PPSSPP haikuulizi hilo. Unafungua gemu, inaanza.

Sababu ni lile wazo la 1999. PPSSPP haitumii programu endeshi ya Sony. Watengenezaji wake waliandika upya, kazi moja baada ya nyingine, kila kitu ambacho gemu huomba kutoka kwa PSP: fungua faili, hifadhi hatua, cheza video, onyesha kibodi. Ni mamia ya kazi ndogo, na kila moja lazima ijibu jinsi PSP ingejibu, hadi kwa makosa yake. Kwa sababu hakuna msimbo wa Sony ndani, hakuna cha Sony unachohitaji kunakili ili apu yenyewe ifanye kazi.

Gharama yake ni muda. Mfano mzuri ni muziki. Gemu nyingi za PSP zilihifadhi muziki kwa mfumo wa sauti wa Sony uitwao ATRAC3+, ambao ulikuwa umefungwa. Matoleo ya kwanza ya PPSSPP yalikuwa bubu kwa gemu nyingi: unapigana Tekken kimya kama uko maktaba, isipokuwa utafute kiongezo cha pembeni. Mwaka 2013 mtaalamu mmoja wa kujitolea alichambua mfumo huo hadi akauelewa, akaandika programu ya kuusoma na kuitoa bure. Muziki ukarudi. Umesikiza kazi ya mtu huyo mara nyingi bila kujua kama yupo.

Tena kuna faida ambayo PSP yenyewe haikuwa nayo. Kwa kuwa simu inachora picha upya, inaweza kuichora kwa ukubwa zaidi ya ule wa asili, mara mbili, mara tatu na kuendelea. Ndiyo maana gemu ya 2008 inaonekana safi kwa simu yako kuliko ilivyoonekana kwa PSP. Kama simu yako inakwama, ingia kwenye mipangilio ya picha urudishe kiwango hicho hadi 1x. Itapumua.

Nani analipia haya yote?

PPSSPP ya bure ipo, na kuna nyingine ya kulipia inayoitwa Gold. Watu wengi hudhani Gold ina kitu cha ziada. Kwa Android kazi zake ni zile zile, ikoni tu ndiyo inang'aa kwa rangi ya dhahabu. Ukiinunua, unamwambia aliyeitengeneza asante, hakuna zaidi. Ni mfumo wa ajabu kwa dunia ya sasa ambapo kila apu inataka kukufungia mlango katikati ya gemu hadi ulipe.

Kwa iPhone hadithi ilichelewa sana. Kwa miaka mingi Apple haikuruhusu emuleta za konsoli kwenye duka lake. Aprili 2024 ilibadilisha sheria, na Mei mwaka huo PPSSPP ikaingia App Store, zaidi ya miaka 11 baada ya toleo la kwanza. Hata hivyo Apple inakataza ile mbinu ya mkalimani mjanja anayeandika tafsiri akiwa kazini, kwa sababu za usalama. PPSSPP ya iPhone inatumia njia ya polepole zaidi, ila chipu za iPhone za kisasa zina nguvu kiasi kwamba gemu nyingi zinaenda tu sawa.

Usichukulie basi kwamba vita vimeisha. Machi 2024, mwezi mmoja tu kabla ya Apple kufungua mlango, watengenezaji wa Yuzu, emuleta ya Nintendo Switch, walikubali kulipa Nintendo dola milioni 2.4 na kufunga mradi. Switch ilikuwa bado inauzwa, na kesi ilihusu kuvunja kufuli zinazolinda gemu zake. Emuleta ya mashine iliyostaafu, isiyobeba msimbo wa mtu mwingine, iko mahali tofauti. PPSSPP inakaa Google Play na App Store mchana kweupe.

Sasa tuongee kuhusu ISO

Hapa ndipo wasee hunyamaza. Emuleta ni halali. Ile ISO uliyorushiwa kwa Telegram ni kitu kingine. Gemu ni mali ya aliyeitengeneza, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Watu wa PPSSPP wenyewe hawatoi gemu na hawakuelekezi pa kuzipata. Njia wanayoipendekeza ni uwe na diski yako ya UMD na PSP, uitoe gemu yako mwenyewe kutoka hapo.

Najua unachofikiria. UMD nitaitoa wapi Nairobi? Ni swali la haki. Mwaka 2021 Sony ilitangaza kufunga maduka ya mtandaoni ya PS3, Vita na PSP. Mashabiki wakapiga kelele, Sony ikarudi nyuma kwa PS3 na Vita, lakini si kwa PSP. Na hili si tatizo la PSP peke yake. Utafiti uliotolewa 2023 na Video Game History Foundation ulionyesha kuwa asilimia 87 ya gemu za zamani, zilizotoka Marekani kabla ya 2010, hazipatikani tena kwa kununua. Filamu ya zamani utaipata, kitabu cha zamani utakisoma maktaba. Gemu ikitoka dukani, imezikwa.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na uko huru kuupinga. Kama gemu bado inauzwa, inunue. GTA: Liberty City Stories, kwa mfano, Rockstar iliitoa upya kwa simu, na Google Play inakubali M-Pesa. Huna sababu ya kuiiba. Kwa zile ambazo hakuna mtu anayeziuza tena, lawama haiwezi kumwangukia mchezaji peke yake. Kampuni iliyofunga duka ikaondoka na funguo ina swali la kujibu pia.

Na kwa hizo "PES 2025 ya PPSSPP" zinazozunguka, jua unachopakua. Toleo la mwisho la PES kwa PSP lilikuwa PES 2014. Hizo mpya ni gemu ile ya zamani ambayo mashabiki wamebadilisha jezi, majina na vikosi. Nyingine ni kazi safi ya mikono ya watu. Nyingine ni mtego: ukurasa unakutaka ujaze maswali, uweke apu mbili tatu "kuthibitisha wewe ni binadamu", na mwisho hakuna gemu, kuna matangazo tu na simu iliyojaa uchafu. Apu yenyewe ichukue kutoka kwa tovuti rasmi au duka rasmi, si kutoka kwa link ya msee wa group.

Mlango ulio wazi

Mimi college niliiacha njiani, kwa hivyo kuna kitu kimoja kwa mradi huu kinanigusa kuliko vingine. Msimbo wote wa PPSSPP uko GitHub. Hakuna karo, hakuna usaili, hakuna anayeuliza cheti. Ukileta marekebisho, kinachoangaliwa ni kama yanafanya kazi. Umeandikwa kwa lugha ya C++, na kuusoma ni kama kuingia gereji ambayo fundi ameacha injini wazi, kila nati mezani, na maelezo yameandikwa pembeni.

Wala si lazima ujue C++ ndio usaidie. Gemu ikigoma kwa simu yako, kuna pahali pa kuripoti: taja jina la gemu, modeli ya simu, toleo la apu na kilichotokea. Ripoti ya aina hiyo kutoka kwa simu ya elfu kumi ya Nairobi ina thamani, kwa sababu mtengenezaji wa Uswidi hana simu hiyo mezani. Menyu zake pia zinatafsiriwa kupitia faili za maandishi za kawaida, na yeyote anayeijua lugha yake vizuri anaweza kuchangia.

Usiku wa leo ukifungua PPSSPP, kabla ya kurudi kwa Kratos, bonyeza sehemu inayoonyesha majina ya waliochangia. Yatapita polepole. Mengi ni majina ya bandia ya mtandaoni, na huenda hutawahi kukutana na hata mmoja wao. Yaache yapite hadi mwisho. Na siku ukiwa na mia kadhaa za ziada kwa M-Pesa, ile ikoni ya dhahabu si ya kuringa tu.